Lori la baba mdogo lilipozima ndani ya Hifadhi ya Mikumi

Kilosa. Treni ya umeme ilinishusha Kilosa mchana wa Alhamisi, mwanzoni mwa Agosti, jua likiwa kali lakini upepo bado una ubaridi wa kipupwe. Mgongoni nilikuwa na begi la nguo. Mkononi nilibeba mfuko wa dawa: vidonge vya foliki asidi na haidroksiurea ambavyo daktari wa kliniki alimwandikia mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Ana miaka 15 na anaishi na selimundu tangu azaliwe.

Kazi yangu ni kuandika habari za afya. Safari hii ilikuwa ya kifamilia, na sikutarajia kwamba ningerudi Dar es Salaam nikiwa na daftari lililojaa habari za betri, nati na waya wa lori.

Mama mdogo ndiye aliyeniita. Alinipigia simu usiku, kwa sauti ya chini, ile sauti ya mtu ambaye hataki mumewe asikie. “Mwanangu, njoo uongee na baba yako mdogo. Anataka kuchukua hela ya kikoba akanunue waya.”

“Waya gani?”

“Waya za kuongeza nguvu ya gari. Wewe njoo tu.”

Kwa asiyeifahamu Kilosa, huu ni mji wa reli. Reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na Kilosa ikapata stesheni, maghala na mashamba ya mkonge pande zote. Baadaye likaongezwa tawi la kwenda Kidatu kupitia Mikumi. Sasa kuna reli mpya ya umeme ambayo, ukishaipita Kilosa kuelekea Dodoma, inaanza kuingia kwenye mahandaki ya milimani. Bodaboda aliyenipeleka nyumbani alikuwa na jibu lake kuhusu treni hiyo: “Inapita haraka mno, dada. Ile ya zamani abiria walikuwa wanashuka wanakula.”

Mimi Kilosa naikumbuka kwa maji. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulipasua kingo zake, maelfu ya watu wakakosa makazi, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ikasombwa hadi treni zikasimama kwa miezi. Nilikuwa shule ya msingi, nimekuja likizo. Nakumbuka tumekaa juu ya magunia kwenye bodi ya lori la baba mdogo tukiangalia maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita pale palipokuwa na uwanja. Lori lile, Fuso la tani saba alilolinunua likiwa tayari limetumika, lilisimama kwenye maji hayo siku tatu, yakiwa yamefika juu ya magurudumu. Lilipona. Kila mtu nyumbani huwa anasema lilipona.

Ndilo linalolisha nyumba hadi leo. Linabeba mahindi na mpunga kutoka Kilosa kwenda Mikumi na Ruaha, linarudi na chochote kinachopatikana, na mara moja moja linafuata saruji na mabati Morogoro. Na kwa familia yenye mtoto wa selimundu, lori hilo lina kazi ya pili. Mtoto akianza kulia maumivu saa nane ya usiku, hakuna bodaboda anayeweza kumbeba akiwa amejikunja vile. Baba mdogo anawasha lori.

Usiku wenyewe ulikuwa wa Julai. Baba mdogo alitoka Morogoro na shehena ya saruji ya duka moja la Mikumi, na kwa kuwa shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa baada ya likizo ya kati, alikuwa pia na mtoto aliyekwenda kliniki asubuhi ile. Waliondoka Morogoro jioni, wakachelewa Doma kwa sababu baba mdogo hawezi kupita Doma bila kusimama kuulizia bei ya nyanya, na giza likawakuta ndani ya hifadhi.

Barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Hifadhi ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230 na ilianzishwa mwaka 1964. Mchana ni safari ambayo watoto wanaipenda: twiga, pundamilia na nyani vinaonekana ukiwa kwenye kiti cha basi bila kulipa kiingilio. Usiku ni habari nyingine. Wanyama wanavuka, matuta yapo, na ukimgonga mnyama unalipa faini kulingana na mnyama mwenyewe.

Mtoto ndiye aliyenisimulia, tukiwa tumekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, yeye akimenya miwa. Taa za mbele zilianza kufifia. Kila lori lilipogonga tuta, zilizimika kidogo na kurudi. Mwisho zikabaki kama mishumaa miwili. Baba mdogo akapunguza mwendo, akaingia pembeni, na kwa mazoea akazima injini ili aangalie betri. Alipojaribu kuwasha, stata ilisema “tak” mara moja. Mara ya pili haikusema kitu.

“Betri zilikuwa mpya,” mtoto alisema. “Baba alizinunua mwezi wa sita, zote mbili.”

Walikaa humo tangu saa mbili usiku hadi alfajiri. Tembo walikuwa karibu, waliwasikia wakivunja matawi. Hakuna aliyethubutu kushuka. Maji yalikuwa chupa moja ndogo, na yakaisha mapema. Koti la mtoto lilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa nyuma, chini ya turubai, juu ya saruji.

Mzazi mwenye mtoto wa selimundu hahitaji kuelezwa kilichofuata. Kwa wengine niseme kwa kifupi: mtoto huyu amerithi vinasaba vya ugonjwa kutoka kwa baba na mama, na chembe zake nyekundu za damu, badala ya kubaki duara laini, zinaweza kujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Zinapoziba, viungo vinakosa hewa na maumivu yake watu wazima wameyafananisha na mfupa unaovunjwa polepole. Baridi inayachochea. Kukosa maji kunayachochea. Uchovu pia. Baba mdogo anayajua haya yote kwa kichwa, na alikaa saa kumi kwenye kiti cha dereva akimwangalia mwanawe akipata vyote vitatu kwa pamoja.

Alfajiri, dereva wa semi aliyekuwa anakwenda Tunduma alisimama, akawabusti, lori likawaka kwa mshindo mmoja. Walifika Mikumi saa moja asubuhi na mtoto akalazwa siku nne, kwa maji ya mishipani na dawa za maumivu.

Sasa rudi kwenye waya. Siku zile nne, baba mdogo alikuwa anatoka wodini na kwenda kukaa kwenye kijiwe cha madereva kando ya barabara kuu. Huko akakutana na muuzaji wa vifaa vya magari. Muuzaji alimweleza kwamba tatizo la magari yetu ni ethi ndogo, kwamba Wajapani wenyewe wanaongeza waya za ethi kwenye injini, tano au sita, na gari linakuwa jipya: taa kali, stata nyepesi, mafuta yanapungua, na mlimani linapanda bila kushusha gia. Bei ya seti nzima, Sh180,000 na kufungwa bure.

Baba mdogo hakuwa na Sh180,000. Mama mdogo alikuwa nayo, kwenye kikoba, na ilikuwa ya ada na nauli za kliniki hadi Desemba.

Hapo ndipo nilipoikuta nyumba. Mama mdogo alikuwa anapika bila kuongea. Baba mdogo alikuwa anaongea sana.

“Mwanangu, wewe umesoma,” aliniambia kabla sijamaliza wali. “Mwambie mama yako mdogo. Hii siyo anasa. Nikikwama tena mle ndani na huyu mtoto, nani atalaumiwa?”

Sikuwa na jibu. Niliangalia kwenye simu, nikakuta kwamba muuzaji hakudanganya kuhusu Wajapani. Kweli, miaka ya mwishoni mwa 1990 na kuendelea, wapenzi wa magari huko walizipenda seti hizo za waya za rangi, na biashara yake ikasambaa duniani. Wapo wanaoapa kwamba gari lao lilibadilika, na wapo wanaocheka. Nilichokosa ni mtu wa kuniambia kuhusu lori hili hapa, lililosimama chini ya mwembe.

Mtu huyo alipatikana Ijumaa asubuhi. Ni fundi umeme wa magari, mwanamke wa rika langu, aliyesomea ufundi VETA Mikumi na ambaye sasa ana banda lake la mabati si mbali na stendi. Mama mdogo anamfahamu kwa sababu wako kikoba kimoja. Alikuja na mita, kisanduku cha spana na mtoto mchanga mgongoni, akamkabidhi mtoto kwa mama mdogo, akafunga kanga vizuri na kupanda kwenye bampa.

Kabla hajagusa kitu aliuliza swali ambalo sikulielewa.

“Yule aliyewabusti kule hifadhini, waya mweusi aliubana wapi?”

Baba mdogo alisema kwenye betri, wapi tena? Mtoto akasema hapana. “Aliubana kwenye injini, baba. Kwenye chuma. Alisema ukibana kwenye betri cheche inaweza kulipua.”

Fundi akatabasamu. “Mzee, zile betri zako hazikuwa na kosa kubwa.”

Nitajaribu kueleza kama alivyonieleza, kwa sababu alikuwa na subira na mimi. Watu wote tunajua umeme unatoka betri. Tunasahau kwamba ni lazima urudi. Upande wa chanya una waya wake mwekundu, mnene, kila mtu anauheshimu. Upande wa hasi hauna waya wa kurudi kwa kila taa na kila kifaa, bali chuma cha gari lenyewe ndicho njia ya kurudia: chesisi, bodi, injini. “Treni uliyokuja nayo,” aliniambia, “ina waya mmoja juu, wa volti 25,000. Umeme ukishazungusha mota unarudi wapi? Unarudi kwenye reli.”

Lakini injini haijakaa moja kwa moja kwenye chesisi. Imekalia mipira, ili isitetemeshe gari zima, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo kiwandani wanaweka mkanda mmoja wa shaba uliosukwa, unaounganisha injini na chesisi. Stata iko kwenye injini. Alteneta iko kwenye injini. Vyote viwili vinategemea mkanda huo mmoja, mfupi kama kiganja na mkono, uliofichwa chini mahali ambapo hakuna anayeosha.

Mimi nilifikiria mishipa ya damu. Tunaimba kuhusu ateri, na vena ndiyo inayorudisha damu yote moyoni. Nilimwambia fundi, akasema sawa, ila yeye haendi huko.

Kipimo chenyewe hakikuchukua dakika tano. Aliweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, akamwambia baba mdogo apige stata. Kama njia ya kurudi ni nzima, mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Yeye anakubali hadi sehemu mbili au tatu za kumi za volti. Ilisoma 3.1. Stata ilizunguka kivivu, kama mtu aliyeamshwa.

Hesabu yake niliiandika kwenye daftari. Stata ya lori inavuta mamia ya ampea. Ukichukua ampea 300 tu, na njia ya kurudi ikiwa na ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu, kiasi ambacho huwezi kukiona wala kukihisi, tayari umepoteza volti tatu kati ya 24. Kwa balbu ndogo ukinzani huo si kitu. Ndiyo maana redio inaimba, taa ya ndani inawaka, na dereva anaapa kwamba umeme upo.

Kisha akafanya jambo lililonyamazisha watu wote. Lori likiwa linaunguruma na taa zimewashwa, alichukua kipande cha mti akausukuma mkanda ule kutoka chini. Taa zikafifia. Akauachia, zikarudi. Akausukuma tena.

“Ndiyo matuta,” mtoto alisema.

Mkanda ulipofunguliwa, sehemu kubwa ya nyuzi zake zilikuwa zimekatika, zimebaki chache upande mmoja. Chini ya bolti, pale palipopaswa kuwa chuma kinachong'aa, kulikuwa na kutu nene kama ganda la mti. Hakuna wa kuthibitisha, lakini baba mdogo aliikalia ile kutu muda mrefu kwa macho, kisha akasema taratibu: “Elfu mbili na kumi.” Alikuwa anasema kuhusu maji ya Mkondoa. Fundi akaongeza kitu kingine. Alivuta waya wa pedali ya mafuta na kutuonyesha ganda la plastiki lililoungua karibu na injini. Umeme ukikosa njia yake unatafuta nyingine, na ulikuwa umejipitisha huko.

Ilikuwa wazi sasa jinsi usiku ule ulivyotokea. Alteneta ilikuwa inachaji vizuri njia ikiwa imeshika, na haichaji njia ikiachia. Taa zikala betri. Injini ya dizeli ya kizamani kama hii haihitaji umeme kuendelea kuunguruma, kwa hiyo isingezimwa ingewafikisha. Ilipozimwa, stata haikuwa na njia ya kurudishia umeme. Dereva wa Tunduma alipobana waya mweusi kwenye injini, aliupita mkanda mbovu bila kujua. Alibana pale kwa sababu ya usalama tu: betri inayochaji hutoa gesi inayoweza kuwaka, na cheche ya mwisho inatakiwa iwe mbali nayo. Ni tabia nzuri hata kwa gari dogo la nyumbani.

Fundi akaleta mkanda mpya mnene, akasugua pande zote mbili kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kikang'aa, akakaza, akapaka grisi juu. Akafanya vivyo hivyo kwenye waya wa betri unaoingia chesisi. Stata ikapigwa. Mita: 0.2. Lori liliwaka kabla baba mdogo hajatoa mkono kwenye ufunguo, na chaji ya betri iliyokuwa inagota volti 27.3 ikapanda hadi 28.

Jumla, mkanda na ufundi, Sh45,000. Mama mdogo alihesabu noti mwenyewe.

Nilimuuliza fundi swali la baba mdogo: je, waya tano za ziada zingeongeza nguvu? Alijibu akiwa ananawa mikono kwa sabuni ya unga. Waya moja nzuri ikitosha, ya pili haina umeme wa kubeba. Gari bovu ethi likifungiwa seti ile litaonekana limefufuka, kwa sababu njia mpya imepatikana, na mwenye gari atasema waya zimeongeza nguvu. Zimerudisha iliyopotea, basi. Kwenye injini hii ambayo pampu yake ya dizeli inaendeshwa na gia, ethi haina mahali pa kushika nguvu ya mlimani hata ikifungwa mia moja. Magari ya kisasa ni tofauti kidogo: kompyuta na sensa zake zinafanya kazi kwa volti tano, na ethi mbovu inaweza kuzidanganya hadi injini ikose nguvu kweli. Lakini hata huko dawa ni kusafisha ya kiwandani kwanza. Tena magari mengine mapya yana sensa kwenye nguzo ya hasi ya betri. Ukifunga waya wako juu yake, kompyuta inakosa hesabu ya chaji. Na waya uliobanwa ovyo karibu na ekzosi, ukiyeyuka na kuangukia nguzo ya chanya, ni moto.

“Nguvu ya mlima,” alimalizia, “mzee fungua eya klina. Mimi ni fundi umeme, siongezi neno.”

Baba mdogo hakupenda hilo. Watu wazima hatupendi kuambiwa mambo mawili kwa siku moja.

Kabla hajaondoka, fundi alimfukuza mtoto wa jirani aliyekuwa anachezea betri kuukuu nyuma ya nyumba, na hapo nikarudi kwenye kazi yangu. Betri hizi zina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Inaharibu ubongo unaokua, na mtoto haonyeshi dalili mapema. Ripoti ya Unicef na Pure Earth ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba watoto hadi milioni 800 duniani, takriban mmoja kati ya watatu, wana risasi nyingi kwenye damu, na ikataja urejelezaji holela wa betri miongoni mwa vyanzo vikuu. Nyumba yenye gereji uani, au baba anayerudi na ovaroli yenye vumbi la betri na kumpakata mtoto, hilo si jambo la Kilosa peke yake. Betri mbili za zamani za baba mdogo zilikuwa pale tangu Juni. Jumamosi zilipakiwa zikauzwe.

Jumamosi hiyo hiyo tuliondoka kwenda Mikumi na magunia ya mahindi: baba mdogo, utingo wake, mimi na mtoto, ambaye alikataa katakata kubaki. Safari hii maji yalikuwa lita kumi kwenye dumu miguuni petu, na koti alilivaa jua likiwa linawaka.

Barabara ya Kilosa kwenda Mikumi inapita mahali panapoitwa Ulaya. Ni kweli, kuna Ulaya wilayani Kilosa, na hakuna mtu wa huku anayepita bila kutania. “Nimefika Ulaya bila viza,” utingo alisema, kama nadhani anavyosema kila wiki. Kuna migomba, kuna mashamba ya mpunga yaliyokauka, kuna ng'ombe wanaotembea katikati ya barabara. Na kuna vumbi. Vumbi jekundu linaloingia kwenye meno, kwenye kope, kwenye kibiriti.

Mbele ya Ulaya, kwenye mwinuko, lori lilianza kulia. Baba mdogo akashusha hadi gia ya pili. Nikaangalia kwenye kioo cha pembeni: nyuma yetu kulikuwa na moshi mweusi tii, na ndani ya moshi huo watoto watatu waliobeba ndoo wakiwa wamefunika pua kwa mikono. Nimeshaandika kwenye ukurasa huu kwamba mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani. Niliandika nikiwa ofisini. Sasa nilikuwa nimekaa kwenye lori lenyewe.

“Baba mdogo,” nilisema.

“Nimeona.”

Alisimama juu ya kilima. Hakusema kitu. Utingo akashuka, akafungua vibanio vya eya klina kwa mikono, akatoa chujio. Sijui lilikuwa la rangi gani lilipotoka dukani. Lilipogongwa kwenye tairi, kiasi cha vumbi kilichomwagika kingejaza kopo la maziwa. Injini ilikuwa inanyimwa hewa, inapewa dizeli ile ile, na dizeli isiyopata hewa ya kutosha haiungui yote. Inatoka ikiwa moshi. Fundi alikuwa ameshasema.

Kugonga chujio la karatasi si matengenezo, linaweza kupasuka na kuruhusu vumbi lipite, na baba mdogo alinunua jipya tulipofika Mikumi. Lakini mwinuko uliofuata tuliupanda kwa gia ya tatu. Mtoto aliangalia gia, akaniangalia mimi, akaangalia nje. Ana adabu.

Mikumi tuliingia jioni. Ni mji wa njia panda, wenye jina la mti wa jamii ya mitende, na ambao hauonekani kulala: malori ya Zambia na Kongo yamejipanga, mama lishe wanapuliza makaa, mishikaki inanukia, madereva wamekaa kwenye viti vya plastiki wakichaji simu. Muuzaji alimwona baba mdogo kabla sisi hatujamwona. Alikuja na seti mkononi, waya nyekundu, buluu na njano kwenye mfuko unaong'aa. Ni kijana mchangamfu, na sidhani kwamba anajua kuwa anachosema si kweli. Aliyemuuzia kwa jumla ndivyo alivyomwambia.

“Mzee, leo tunafunga?”

Baba mdogo aliichukua ile seti, akaigeuzageuza. Niliona kitu usoni mwake ambacho sikukielewa nilipokuwa Kilosa nikibishana kwa hesabu za ampea. Tangu Julai, mtu pekee aliyemwambia kwamba usiku ule unaweza kuzuiwa ni huyu kijana. Wengine wote, pamoja na mimi kwenye simu, tulimuuliza kwa nini alisafiri usiku.

“Ikifungwa kwenye gari lenye ethi nzima inaongeza nini?” alimuuliza.

Kijana alieleza. Taa, stata, mafuta. Baba mdogo akasikiliza hadi mwisho, akasema stata yake sasa hivi inawaka kabla hajatoa mkono. Kijana akacheka, akasema basi chukua hata mmoja, mzee, uniungishe. Na baba mdogo, baada ya safari yote hii, akanunua mmoja. Wa njano. Sh15,000.

Mtoto akaangalia pembeni tena.

Niliporudi Dar es Salaam nilikuta ujumbe wa mama mdogo: ada imelipwa, na mtoto amerudi bweni akiwa na koti lake na kadi ya kliniki ya Septemba. Nikamuuliza kuhusu ule waya wa njano, kama umefungwa kwenye injini. Akanitumia picha ya nyuma ya lori. Kamba ya turubai ilikatika Zombo, na waya ule ndio umeshikilia turubai.